Hofu ya Kikombe: Maisha ya Padre Angelo D'Agostino (1926–2006)

Katika boma la nyanya yangu huko Kinoru, pembezoni mwa mji wa Meru, kulikuwa na kikombe cha bati kilichofungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake. Vikombe vingine vilikaa kabatini. Hicho kilitundikwa peke yake kwenye msumari, nje ya mlango wa jiko. Mwaka 1996 shangazi yangu alirudi kutoka Nairobi akiwa mgonjwa, na mtoto mchanga mgongoni, na kikombe hicho kikawa chake. Hakuna aliyetutangazia jambo lolote. Siku moja tulitoka shuleni tukaukuta uzi umekwisha kufungwa, nasi watoto tukaelewa, kama tulivyoelewa bila kuambiwa kwamba mbwa wa jirani huuma. Shangazi alifariki kabla ya mwaka kwisha. Kikombe kikarithiwa na mtoto wake.

Sikusudii kumlaumu nyanya. Mikono iliyomwosha shangazi hadi siku ya mwisho ilikuwa yake, na nguo zenye damu na usaha alizifua yeye bila glavu, maana glavu hazikuwapo. Kisha baada ya kazi hiyo aliingia jikoni akachemsha kikombe. Pale ambapo palihitaji tahadhari hakuogopa, na pale ambapo hapakuwa na hatari yoyote ndipo hofu yake yote ilipojikusanya. Nimelitafakari jambo hili kwa miaka mingi, na sikupata kulielewa vizuri mpaka niliposoma habari za padre mmoja Mmarekani aliyekuwa daktari, ambaye kazi yake kubwa barani Afrika aliifanya Nairobi na kuimalizia Kitui, ng'ambo ya Mto Tana ukitazama kutoka upande wetu wa Meru na Embu. Habari zake zilifika Kinoru kwa njia ya gazeti lililochakaa. Nitafika huko.

Kabla ya kumtaja, naomba wanachama wenzangu wa Kiswahili wanivumilie kwa mchepuko mfupi kuhusu lugha, kwa kuwa lugha yetu haikosi lawama katika suala hili. Tuna kitenzi kimoja, kuambukiza, na kwacho tunayataja mafua, kifua kikuu, upele, kipindupindu na ukimwi. Mafua husafiri kwa hewa, upele kwa ngozi, kipindupindu kwa maji, na virusi vya ukimwi kwa ngono, kwa damu, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa mimba, uzazi au kunyonyesha. Kitenzi hakiyatenganishi haya. Mtu aliyeambiwa mwaka 1990 kwamba ukimwi ni ugonjwa wa kuambukiza, naye amekulia penye surua na kifua kikuu, alikuwa na kila sababu ya kusogeza kikombe mbali. Lugha ya mtaani ikazidisha. Ilisemwa kwamba fulani amekanyaga miwaya, au amenaswa na umeme. Tazama sitiari hiyo inavyofanya kazi: anayenaswa na umeme haguswi, kwa kuwa anayemgusa naye hunaswa. Waliobuni msemo huo walidhani wanafanya mzaha kuhusu mgonjwa, kumbe walikuwa wakimfundisha msikilizaji kanuni ya maambukizi, na kanuni yenyewe ilikuwa ya uongo.

Angelo D'Agostino alizaliwa tarehe 26 Januari 1926 katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island, nchini Marekani, katika familia yenye asili ya Italia. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Tufts, akawa mpasuaji, na katika miaka ya 1950 akatumikia Jeshi la Anga la Marekani kama daktari. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 29 na njia ya kazi ikiwa wazi mbele yake, aliiacha njia hiyo akajiunga na Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti. Malezi ya shirika hilo ni marefu, na wakubwa wake hawakutaka udaktari wake upotee bure. Wakamruhusu kusomea magonjwa ya akili. Alipopewa upadre mwaka 1966 alikuwa tayari ni mpasuaji na tabibu wa akili, na kwa miaka kadhaa alitibu na kufundisha mjini Washington.

Miaka hiyo ya Washington nitaipita haraka, ingawa yeye mwenyewe hakuiona kuwa midogo. Inatosha kusema kwamba mtu huyu alisomea vitu viwili ambavyo hofu ya kikombe imeundwa navyo: mwili, na yale ambayo akili humwambia mwenyewe juu ya mwili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wajesuiti walianzisha huduma kwa wakimbizi, na Padre D'Agostino akatumwa katika kazi hiyo, kwanza Thailand na kisha Afrika Mashariki, akiwa na makao Nairobi. Hivyo alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 50 alipoijua Kenya. Wamisionari wengi huja wakiwa vijana, wakajifunza nchi polepole kama mtoto anavyojifunza kusema. Yeye alikuja na mvi, na labda ndiyo maana hakuwa na subira na ofisi.

Ukimwi ulithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1984. Kwa miaka mingi baada ya hapo taifa lilisema kwa minong'ono, hadi Rais Daniel arap Moi alipoutangaza kuwa janga la kitaifa mwezi Novemba 1999. Hapa hapana budi nieleze kile ambacho madaktari walikuwa wakikijua wakati huo wa minong'ono, kwa sababu watu hudhani kwamba hofu ya kugusana ilitokana na sayansi kuchelewa. Sayansi haikuchelewa. Mwezi Februari 1986 watafiti wa eneo la Bronx, jijini New York, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu 101 waliokuwa wakiishi nyumba moja na wagonjwa 39. Hawa hawakuwa wapenzi wa wagonjwa. Walikuwa watoto, wazazi, ndugu. Wengi wao waliishi katika umaskini na msongamano, wakishiriki vyombo vya kulia, vyoo, mabafu, na hata vitanda. Kati ya wote 101 aliyeonekana kuwa na maambukizi alikuwa mmoja tu, mtoto wa miaka 5, na dalili zote zilionyesha kwamba aliyapata kwa mama yake, si kwa kijiko. Kwa hiyo, miaka kumi kamili kabla ya uzi mwekundu kufungwa kule Kinoru, jibu lilikuwa limekwisha kupigwa chapa. Halikuwa limetafsiriwa.

Wapo waliojaribu kulitafsiri kwa mwili badala ya maneno. Mwezi Aprili 1987 Binti Mfalme Diana wa Uingereza alifungua wodi ya wagonjwa wa ukimwi katika hospitali ya Middlesex jijini London, akawapa mikono wagonjwa bila kuvaa glavu, na picha hiyo ikazunguka dunia. Jirani hapa Uganda, mwanamuziki Philly Lutaaya alijitangaza mwaka 1989 kuwa anaishi na virusi, akazunguka shuleni na makanisani hadi alipofariki Desemba mwaka huohuo. Hawa walikuwa watu wazima wenye majina. Waliokuwa hawana jina hata la ukoo ni watoto wachanga walioachwa hospitalini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Padre D'Agostino alikuwa katika bodi ya makao makubwa ya watoto yatima jijini Nairobi. Watoto wengi walikuwa wakiletwa huko, na waliopimwa wakaonekana kuwa na virusi walirudishwa. Palikuwa na sababu za fedha na za uuguzi, lakini juu ya zote palikuwa na hofu kwamba mtoto mmoja angewaambukiza wengine kwa kulala, kula na kucheza pamoja. Padre alipendekeza watoto hao wajengewe mahali pao. Pendekezo halikukubaliwa. Akajiondoa katika bodi, na kwa kushirikiana na Sista Mary Owens, mtawa wa Loreto kutoka Ireland, akafungua makao mapya mwezi Septemba 1992. Walianza na watoto watatu katika nyumba ya kukodi. Yalikuwa makao ya kwanza nchini yaliyotengwa kwa yatima wenye virusi vya ukimwi. Wakayaita Nyumbani.

Sisi wa isimu tunaweza kulipenda jina hilo kuliko mwenyewe alivyokusudia. Nyumba ni nomino ya kawaida. Ukiongeza kiambishi -ni inahama ngeli, inaingia katika ngeli ya mahali, na kuanzia hapo inatawala kwa pa, ku na mu: nyumbani pamefagiwa, nyumbani kunapendeza, nyumbani mna watu. Watoto wale walikuwa wamekataliwa na pa, na ku, na mu. Mgeni asiyezaliwa na lugha yetu ndiye aliyewatafutia kiambishi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha maisha ya mtu huyu, na ambalo husemwa kwa haraka mno katika kumbukumbu zinazoandikwa juu yake. Kipimo cha kawaida cha virusi hakitafuti virusi vyenyewe. Hutafuta askari wa mwili waliotengenezwa kupambana navyo. Mtoto anapokuwa tumboni hupokea askari kutoka kwa mama yake, wa surua, wa pepopunda, na vilevile wa ukimwi ikiwa mama anao. Askari hao hukaa katika damu ya mtoto kwa miezi mingi, pengine hadi umri wa mwaka mmoja na nusu. Kwa hiyo kila mtoto wa mama mwenye virusi, akipimwa kwa kipimo hicho akiwa mchanga, huonekana kuwa navyo, awe navyo au asiwe navyo. Nao wengi hawanavyo. Hata pasipo dawa yoyote, kati ya watoto 100 waliozaliwa na kunyonyeshwa na mama wenye virusi, wanaoambukizwa ni kati ya 15 na 45. Waliosalia ni wazima.

Maana yake ni kwamba watoto waliokuwa wakirudishwa mlangoni mwa makao ya yatima, wakiachwa wodini, wakitengewa vijiko na vikombe, wengi wao hawakuwa na ugonjwa wowote wa kumpa mtu. Hata kama kikombe kingekuwa na uwezo wa kuambukiza, wasingeambukiza. Hofu ilikuwa imekosea mara mbili: imekosea njia ya ugonjwa, tena imekosea mgonjwa. Padre D'Agostino alilijua hili kama daktari, na katika Nyumbani aliliona likitokea kwa macho yake. Watoto walioletwa kwa cheti cha kifo walipimwa tena na tena, na wengi wao, walipopita umri huo, wakaonekana wazima na wakatafutiwa familia za kuwalea. Waliobaki walikuwa wale ambao virusi vilikuwa vyao kweli. Kwa ajili ya hawa makao yalijenga maabara yao wenyewe, na watoto wakagawanywa katika nyumba ndogondogo, kila nyumba na mama mlezi wake. Walezi hao walikula nao, wakawabeba, wakawafuta makamasi. Sijui namna bora ya kubishana na hofu kuliko mlezi anayekula meza moja na mtoto mwaka baada ya mwaka bila kuambukizwa kitu.

Haifai kuyasimulia maisha haya kama hadithi ya ushindi. Katika miaka ya mwanzo Nyumbani palikuwa mahali pa kufia. Watoto walipewa chakula, upendo na tiba ya maradhi nyemelezi, kisha wakafa, na hilo halikuwa siri kwa yeyote aliyefanya kazi pale. Aidha, kuna swali ambalo wanafunzi makini huuliza, nami naliona kuwa la haki: je, kuwajengea watoto wenye virusi makao yao peke yao si kuukubali ule ule uzi mwekundu, isipokuwa umefungwa kwa upendo? Kwa maoni yangu, ndiyo, kwa kiasi fulani. Makao ya pekee humwambia jirani kwamba watoto hawa wana mahali pao, na kwamba mahali pao si kwake. Ninachoweza kusema kwa upande wa padre ni kwamba hakuishia hapo. Mwaka 1998 alianzisha mpango wa kuwahudumia watoto wenye virusi wakiwa katika familia zao, kwenye mitaa ya walalahoi jijini Nairobi, Kangemi na Kibera na Dandora na kwingineko. Mpango huo uliitwa Lea Toto. Mwalimu wangu wa sarufi angelitia jina hilo kalamu nyekundu papo hapo, maana ukimwondolea mtoto kiambishi m- unampeleka katika ngeli ya ukubwa, naye anakuwa jitoto. Lakini akina mama wanapobembeleza hawaulizi ngeli, na toto la kwenye bembelezo ni dogo kuliko mtoto yeyote.

Lililobadilisha kila kitu ni dawa. Katikati ya miaka ya 1990 dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa zimepatikana katika nchi tajiri, kwa gharama ya dola 10,000 au zaidi kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mwezi Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuyauzia mashirika ya misaada dawa za namna hiyo kwa dola 350 kwa mwaka. Tatizo likawa sheria za hataza. Mwaka huo Padre D'Agostino alitangaza hadharani kwamba Nyumbani ingeingiza nchini dawa za bei nafuu kwa ajili ya watoto wake, na aliyesikia alielewa kwamba hakuwa akiomba ruhusa. Mwaka huohuo Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwandani iliyofungua njia ya dawa hizo. Hakuwa peke yake katika vita hivyo, wala si haki kumpa yeye sifa ambayo ni ya watu wengi, hasa Wakenya waliokuwa wakiishi na virusi na kuandamana barabarani. Ila alikuwa na kitu ambacho wanasiasa walishindwa kukijibu, yaani chumba kilichojaa watoto wanaohesabika. Mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 78, alizungumza huko Vatikani na kuyashambulia makampuni ya dawa kwa maneno makali kiasi kwamba habari hiyo ilienea magazetini ulimwenguni.

Watoto wakaanza kupona, si kwa maana ya virusi kuwatoka, bali kwa maana ya kuongezeka uzito, kukimbia, kugombana, kukua. Na hapo ndipo hofu ya kikombe iliporudi kwa mlango mwingine. Mtoto aliyetarajiwa kufa akiwa na miaka 4 hakuandaliwa shule. Mtoto wa miaka 7 anahitaji dawati. Mwezi Januari 2003 serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki ilifuta karo katika shule za msingi, na zaidi ya watoto milioni 1 walioachwa nje wakamiminika madarasani. Shule za umma zilifurika kweli, lakini watoto wa Nyumbani hawakuwa wakibaki nje kwa sababu ya msongamano peke yake. Wazazi na walimu waliwaogopa. Waliogopa mtoto akianguka na kuchubuka goti, waliogopa kalamu iliyotafunwa, bilauri ya maji, choo. Na huu wote ulikuwa wakati ambapo, kwa hesabu yoyote ya kweli, katika shule hizo hizo walikuwamo tayari watoto wenye virusi ambao hakuna aliyewajua, wakinywa kutoka kwa bomba moja na wenzao. Waliokataliwa ni wale tu ambao anwani yao iliwataja.

Padre na wenzake wangeweza kuendelea kuwafundisha watoto ndani ya ua wao. Wengi wangeona hilo kuwa busara. Yeye hakuona hivyo, na naamini ni uamuzi huu unaolijibu lile swali nililolitaja la uzi mwekundu. Shauri likafika katika Mahakama Kuu jijini Nairobi, na mwezi Januari 2004 serikali ikaafiki kwamba watoto hao wapokewe katika shule za umma kama wengine. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikuwa wazi: kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi, na mtoto habaguliwi. Hakuna aliyebishana na sheria hiyo. Iliyohitaji kushindwa ni picha iliyokuwa vichwani mwa watu, picha ya goti lililochubuka.

Gazeti lililoandika habari za kesi hiyo lilifika Kinoru likiwa limefungiwa sukari. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kazi yangu jioni ilikuwa kumsomea nyanya chochote kilichokuwa na maandishi, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefifia. Nikamsomea. Aliniuliza kama padre huyo ni daktari kweli. Nikamwambia ni daktari. Akaniuliza kama anaishi na watoto hao. Nikamwambia anaishi nao na amezeeka nao. Akanyamaza, na binamu yangu, yule mtoto wa shangazi, alikuwa uani akichota mahindi, ana miaka 8, na kikombe chake kikining'inia msumarini nyuma ya mgongo wake.

Juma lililofuata nyanya alijifunga kitenge, akamshika mtoto mkono, wakashuka mjini Meru kwenye kituo cha ushauri na upimaji. Vituo vya namna hiyo vilikuwa vimeanza kuenea nchini tangu mwaka 2001. Tulikuwa tumepita mbele ya kimoja mara nyingi, lakini nani angempeleka mtoto kupimwa kitu ambacho ukoo mzima ulikuwa unakijua? Walirudi jioni. Mtoto hakuwa na virusi. Hakuwahi kuwa navyo. Kwa miaka 8 alikula peke yake kwa sababu ya askari wa mama yake, ambao walikuwa wamekwisha kuondoka katika damu yake kabla hata hajajua kutamka neno kikombe.

Nimeulizwa na rafiki mmoja aliyeisoma rasimu ya makala haya kama ningelisimulia jambo hili iwapo majibu yangekuwa tofauti. Ni swali zuri. Kama angekutwa navyo, kikombe kingekuwa kosa lilelile, na ningekuwa na sababu kubwa zaidi ya kusimulia. Lakini kukiri ni kukiri: nilikuwa na umri wa miaka 10 ule uzi ulipofungwa, na hadi nilipofika miaka 18 sikuwahi kunywa katika kikombe kile, hata siku moja nilipokuwa na kiu na vingine vyote vilikuwa vichafu.

Miaka yake ya mwisho Padre D'Agostino aliitumia Kitui. Huko alipata ardhi ya ekari zipatazo 1,000 kutoka kwa Baraza la Kaunti la wilaya hiyo, mahali pakame, na wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitekeleza. Ukimwi ulikuwa umekifyeka kizazi cha kati, ukawaacha wazee bila watoto na watoto bila wazazi. Basi wakutanishwe. Kila mzee, bibi au babu, apewe nyumba na wajukuu kadhaa, wake wa damu pamoja na wasio wa damu, wenye virusi na wasio navyo, wapike chungu kimoja. Kijiji kilikusudiwa kufikia watoto karibu 1,000 na wazee wapatao 100. Kilianza kupokea wakazi mwaka 2006. Ukilinganisha na makao ya mwaka 1992 utaona umbali aliokwenda: alianza na nyumba ya watoto waliotengwa, akamalizia na chungu ambacho hakimuulizi anayekula ana nini katika damu.

Hakukiona kikijaa. Alifariki Nairobi tarehe 20 Novemba 2006, akiwa na umri wa miaka 80, na Sista Mary Owens akaichukua kazi. Mwezi uliofuata Rais Kibaki alitia sahihi sheria ya kuzuia na kudhibiti ukimwi, ambayo inakataza mtu kunyimwa shule, kazi au matibabu kwa sababu ya hali yake. Sheria peke yake haikutosha, kama ilivyoonekana baadaye. Mwezi Februari 2015 ilitolewa amri ya serikali kwamba watoto wa shule wanaoishi na virusi waorodheshwe kwa majina, na ilihitaji Mahakama Kuu, Desemba 2016, kusema kwamba amri hiyo ilikuwa kinyume cha Katiba. Orodha nayo ni uzi, ingawa hutengenezwa kwa karatasi.

Nyanya aliishi miaka mitano zaidi baada ya padre. Nilipompasha habari za kifo chake aliuliza watoto watabaki na nani, nikamweleza kuhusu Kitui na wale wazee. Alicheka kidogo, akasema kwa Kimeru jambo ambalo tafsiri yake ya karibu ni kwamba ule ni upande wa jua kali na wazee hao watachoka. Binamu yangu ana familia yake sasa, na watoto wake husomea hapo hapo Kinoru, mwendo mfupi kutoka uwanja wa michezo. Kikombe bado kipo. Rangi yake imebambuka pande zote, uzi ulikatwa jioni ileile ya kutoka Meru mjini, na kinatumika kupimia mbegu za maharagwe mvua zinapokaribia.